Bastola ya kwanza, Texas: mm 9, .380 au .45 kwa mwenye kifundo kibovu?

BintiPangani

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, na tafadhali tusiugeuze uzi kuwa wa Trump na Democrats.

Niko Arlington, Texas, nina kadi ya kijani. Nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee, zamu ya mchana inayoisha saa tano usiku. Baba watoto anaendesha lori la masafa, akiondoka Jumatatu ni mpaka wiki iishe. Nyumbani tunabaki mimi na mtoto wa miaka 9, apatimenti ya ghorofa ya pili. Hivi karibuni mlango wa jirani wa chini ulivunjwa wenyewe wakiwa ndani wamelala. Hakuumia mtu, ila tangu hapo usingizi wangu ni wa kuku.

Tumekubaliana na mume wangu tununue bastola moja. Na niseme ukweli, si ulinzi tu. Wenzangu wa kazini walinipeleka kulenga shabaha Jumamosi moja, nikakuta napenda mno! Kwa hiyo nataka kitu ambacho hata wikendi naweza kwenda nacho kujifurahisha bila kufilisika.

Shida ni kwamba kila mtu ana saizi yake ya risasi. Muuzaji wa duka alinikabidhi kibastola cha .380 kidogo kama simu, mpini wa waridi, akaniambia "hiki ndicho cha akina mama". Nikakikoki kwa shida. Mwenzangu wa kazini aliyepita jeshini anasema .45 au usinunue kabisa. Mume wangu anasema mm 9 kwa kuwa risasi zake zipo kila duka. Mimi mikono yangu midogo, na kifundo cha mkono wa kulia kiliwahi kuteguka nikimnyanyua mgonjwa, mpaka leo baridi ikiingia kinanikumbusha.

Nichukue saizi gani? Na je, ile .22 waliyonipa renjini (pale uwanja wa shabaha), ambayo haikunisumbua hata kidogo, haiwezi kufanya kazi zote mbili? Mdogo wangu anakuja Desemba kutoka Tanga kwa viza ya matembezi, nataka nimpeleke naye akajaribu.

Chuma_cha_Dallas

.45 dada, mjadala umefungwa. Jeshi la Marekani lilitembea nayo tangu 1911 mpaka 1985, walikuwa wajinga? Risasi ya greni 230 (gramu 15 hivi), kitu kizito. Ukimpata nayo mtu mara moja analala chini. Hizo mm 9 utampiga tano bado anakuangalia.

kiazi_mbatata

Kabla ya bastola, dada, mlango. Ondoa parafujo fupi kwenye lile bati la kitasa lililo kwenye fremu, weka za inchi 3 zifike kwenye mbao za ukuta wenyewe. Milango mingi ya apatimenti inavunjika pale, si kwenye kitasa. Na sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba akuwekee komeo la ndani lisilo na tundu la ufunguo kwa nje. Kama hana, mwandikie barua aliweke kwa gharama zake mwenyewe. Hayo yote hayafiki dola 10 kwa upande wako.

Mzee_wa_Renji

BintiPangani, salaam mwanangu. Nilivaa sare Nairobi kabla sijahamia huku, sasa niko Fort Worth na mwisho wa wiki nafundisha wanaoanza. Siuzi bastola, kwa hiyo sina cha kukuuzia.

Kiazi yuko sawa kuhusu mlango, fanya hilo kesho. Tuje kwenye risasi.

Chuma, ndugu yangu, hiyo ya "analala chini mara moja" tuiache barazani. Risasi haina nguvu ya kumrusha mtu. Ingekuwa nayo, bastola ingekurusha na wewe uliyeishika, maana msukumo unakwenda mbele na nyuma sawasawa. Kwa hesabu, .45 ya greni 230 ikienda futi 830 kwa sekunde ina nishati ya futi-pauni 350 hivi. Mm 9 ya greni 124 ikienda futi 1,150 ina zaidi ya 360. Hapo tofauti iko wapi? Iko kwenye bei, kwenye idadi ya risasi zinazoingia kwenye magazini, na kwenye kifundo cha huyu dada.

Haya mambo yaligharimu watu maisha ndipo yakajulikana. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami maofisa wa FBI walikabiliana na majambazi wawili wa benki, mmoja ana bunduki ndefu. Risasi moja ya mm 9 ilimpata huyo jambazi mapema, ikapita mkono, ikaingia kifuani, ikaishiwa nguvu kabla ya kufika moyoni. Akaendelea kupiga. Maofisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. FBI wakailaumu risasi, wakahamia mm 10. Ikawashinda wengi kwa kishindo chake, ndipo mwaka 1990 ikazaliwa .40, ambayo polisi wa nchi nzima wakaifuata. Unajua mwisho wake? Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kule Quantico kiliandika waraka kinapendekeza kurudi mm 9, na wakarudi. Kilichobadilika ni risasi yenyewe. Kichwa chenye tundu cha siku hizi kinapanuka vizuri na bado kinazama kati ya inchi 12 na 18 kwenye gelatini ya majaribio inayowekwa badala ya mwili wa mtu, kipimo walichokiweka wao baada ya Miami. Na maofisa wao walikuwa wanapiga haraka zaidi na kukosa mara chache zaidi wakiwa na mm 9 kuliko na .40. Watu waliofunzwa, mikono mikubwa, bado walikosa mara chache zaidi na ile ndogo. Kwa hiyo .40 nimeshaifuta kwenye orodha yako, na .45 pia.

Sasa .380. Risasi ya .380 na ya mm 9 zina kipenyo kimoja. Kinachotofautiana ni ganda: moja milimita 17, nyingine 19, na baruti kwa kadiri hiyo. Nishati yake ni kama futi-pauni 200. Kwa karatasi utasema basi itakuwa laini mkononi. Hapo ndipo wauzaji wanapowapoteza akina mama. Kibastola cha wakia 10 hakina uzito wa kumeza teke (ule msukumo wa kurudi nyuma), kwa hiyo teke lote unalipokea wewe. Tena zile .380 za muundo wa zamani hazina kufuli la mtutu, ni springi na uzito wa slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) tu vinavyoizuia isirudi mapema, na ndiyo maana springi inakuwa kali. Ulikoki kwa shida, si ndiyo? Hukuwa dhaifu. Kibastola kidogo ni silaha ya mtu aliyezoea anayetaka kuficha kitu mfukoni.

Nairobi tulibeba Ceska, yaani CZ 75. Vijana wa huku wakisikia CZ 75 wanadhani ni kitu cha kabatini, wakati ni mm 9 ya chuma kitupu, zaidi ya kilo moja. Kuibeba kutwa kiunoni ni adhabu, lakini kuipiga ni raha, kwa sababu ule uzito unakusaidia. Risasi ileile ya mm 9 kwenye bastola ya wakia 15 ni mnyama mwingine. Kwa hiyo mtu akikuuliza "mm 9 inapiga teke kiasi gani", muulize kwanza: kwenye bastola ipi?

Kuhusu .22. Kwa kujifurahisha haina mpinzani. Huku kwetu unapata risasi moja kwa chini ya senti 10, mm 9 ya mazoezi ni kama senti 25 hadi 30, na .45 karibu mara mbili ya hapo. Mtu akijifunza kwa .22 hajengi ile tabia ya kufumba macho na kushusha mkono kabla ya mlio. Kwa ulinzi ina mambo mawili. Nguvu yake kwenye bastola fupi haifiki futi-pauni 100. Na kiwashio chake kimepakwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, kwa hiyo mara kwa mara unavuta, inalia "tk", basi. Renjini unacheka na kuikoki upya. Usiku mlangoni hakuna wa kucheka. Hata hivyo, kama mikono ya mtu haiwezi kitu kingine chochote, nitamwambia abaki nayo na awe hodari nayo.

Ushauri wangu: usinunue kitu bado. Nenda renji inayokodisha, jaribu tatu siku moja. Kwanza .22. Pili .380 ya umbo kubwa kidogo; Smith & Wesson walitoa mwaka 2018 Shield EZ, imetengenezwa makusudi iwe nyepesi kukoki, magazini yake inaingia risasi 8. Tatu mm 9 ya umbo la kati, kama Glock 19 au ndugu zake wa saizi hiyo. Nenda na mtu, kwa sababu renji nyingi hazimkodishi bastola mgeni aliyekuja peke yake. Wanahofia watu wanaokuja kujidhuru, usione wamekubagua.

Na kukoki: usivute slaidi kwa ncha za vidole. Sogeza bastola karibu na kifua, mdomo wa mtutu ukielekea shabaha wakati wote, funika slaidi kwa kiganja kizima cha kushoto, kisha sukuma bastola mbele kwa mkono wa kulia huku kushoto kumekaza. Nguvu inatoka begani. Nimewaona akina mama wenye miaka 70 wakikoki kwa njia hii bastola iliyowashinda dakika mbili kabla.

Sasa lile la mdogo wako. USIMPE BASTOLA. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu wa viza isiyo ya uhamiaji kushika silaha au risasi, na dakika tano renjini nazo ni kushika. Ipo misamaha michache, unaojulikana zaidi ni leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Bila hivyo mnampalia makaa yeye na wewe. Wewe mwenye kadi ya kijani unaruhusiwa kununua, utajaza fomu 4473 ya kununulia silaha na namba yako ya uhamiaji, kitambulisho kiwe na anwani unayokaa sasa. Lakini kosa la silaha kwa mwenye kadi linaweza kukupeleka mbele ya jaji wa uhamiaji. Mdogo wako mpeleke Stockyards akaone ng'ombe.

Kirigiti_Jumamosi

Nasoma nikiwa Nairobi na wivu umenishika, nyinyi mnachagua kama mnachagua viatu. Huku kwanza ni Bodi ya Leseni za Silaha, Sheria Sura ya 114, uchunguzi wa tabia, ueleze kwa nini unaihitaji, na unaweza kuambiwa hapana. Ukishapata, wengi wetu tunaishia mm 9 kwa sababu rahisi sana: ndiyo risasi inayopatikana.

Nakubaliana na Mzee kuhusu uzito. Ninaongeza la burudani. Dada ukishazoea, tafuta mashindano ya IDPA, chama cha kimataifa cha upigaji bastola wa kujilinda, hapo ulipo. Sisi tunapiga Kirigiti, Kiambu, lakini chama chenyewe kilianzia kwenu Marekani mwaka 1996. Unapiga ukisogea, ukijificha nyuma ya kizuizi, saa inakuhesabu. Karatasi tupu umbali wa yadi 7 inachosha baada ya miezi michache. Ila ujue .22 haikuingizi kwenye madaraja ya kawaida. Wanazidisha uzito wa risasi kwa mwendo wake, wanagawa kwa 1,000, na madaraja mengi yanataka 125 kwenda juu. Mm 9 ya greni 124 kwa futi 1,050 inakupa 130, umepita. .380 ina daraja lake la vibastola vidogo, wanahitaji 95 tu.

Chuma_cha_Dallas

Mzee nimekusikia. Bado .45 yangu siiuzi 😂

Mzee_wa_Renji

Usiuze. Wewe una mikono kama makasia.

BintiPangani

Shikamoo Mzee. Na wengine wote asanteni. Parafujo tayari, komeo nimeandika barua ofisini. Mdogo wangu amenuna lakini ameelewa.

Tulienda na mume wangu. Mrejesho: .22 raha tupu, ningeweza kukaa pale mpaka wafunge. Ile .380 EZ kukoki ni kama kufungua droo, sikuamini. Mlio na teke vya kawaida. Mm 9 ya umbo la kati nilidhani itanishinda. Kukoki kwa kiganja kumewezekana, si kwa urahisi wa EZ lakini kumewezekana. Teke ni kubwa zaidi, ila ni kama linasukuma, halichomi. Kilichonishangaza nikaomba na kile cha waridi, kaliba ileile ya .380: magazini moja tu kifundo kikaanza kulalamika, na shabaha yangu ilitawanyika kama mchele uliomwagika.

Kufikia mwisho, na mm 9 nilikuwa naweka nyingi ndani ya sahani ya chai kwa yadi 7. Baada ya kama risasi hamsini kifundo kikachoka, nikaanza kupiga chini. Sasa nimebaki kati ya EZ ya .380 na mm 9. Na maswali mengine: ukuta wa apatimenti ni ule wa bodi ya jasi, jirani ana watoto. Je, .380 si salama zaidi kwao? Na bastola naiweka wapi mchana? Kazini naweza kuiacha garini?

Mzee_wa_Renji

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, wengi wananunua kwanza ndipo wanakuja kuuliza.

Ukuta wa jasi hauzuii risasi yoyote ya bastola, hata .22 inapita. Tena vumbi la jasi likijaza lile tundu la kichwani, risasi inaweza isipanuke na ikaendelea kama sindano. Kwa hiyo usichague kaliba kwa ajili ya ukuta, chagua upande utakaoelekezea bastola. Leo usiku simama pale utakaposimama, pengine mlangoni pa chumba cha mtoto, uangalie nyuma ya mlango wa mbele kuna nini. Kama ni ngazi na ukuta wa matofali, vizuri. Kama ni sebule ya jirani, hamisha mahali pa kusimamia mpaka upate pembe nyingine. Na nyumba iwe na taa unayoweza kuiwasha ukiwa hapo, usije ukamlenga mumeo aliyerudi mapema na lori.

Kati ya hizo mbili mimi ningekwambia mm 9, kwa sababu tatu zinazokuhusu wewe. Shabaha yako nayo ilikuwa nzuri kabla ya kuchoka. Risasi za .380 zenye tundu zina mtego: nyingi zikipanuka hazifiki zile inchi 12, zikifika mara nyingi ni kwa kuwa hazikupanuka. Na risasi za mazoezi za .380 ni ghali kuliko za mm 9 ingawa ni ndogo, maana zinatengenezwa chache. Kuhusu kuchoka, dawa ni .22. Mume wako akikubali bastola ya pili baadaye, nunua .22. Piga mia moja nazo kwa starehe yako, kisha malizia na magazini mbili tatu za mm 9 kabla kifundo hakijachoka. Hutahitaji zaidi ya hapo kwa siku. Ila kama daktari wako akisema kifundo hakitapona vizuri, chukua EZ bila aibu. Kuna EZ ya mm 9 pia, waliitoa 2020, uikodi uone.

Risasi za nyumbani ziwe za kichwa chenye tundu, za kampuni inayojulikana, greni 124 au 147. Ile ya 147 inakwenda polepole na wengi wenye vifundo vibovu wanaipenda. Usinunue kisanduku ukakiweka kabatini. Piga angalau hamsini za aina hiyohiyo kwenye bastola hiyohiyo uone kama zinaingia bila kukwama. Najua zinauma mfukoni.

Kazini: nyumba za kulelea wazee na hospitali Texas zimo kwenye orodha ya mahali pasiporuhusiwa kuingia na bastola bila idhini ya maandishi. Maegesho ya mwajiri kwa kawaida sheria inakuruhusu kuiacha kwenye gari lililofungwa, lakini gari si sefu. Bastola nyingi za wezi zilianzia chini ya kiti cha mtu. Ukilazimika, nunua kisanduku cha chuma chenye waya wa kufungia kwenye reli ya kiti. Mimi ningeiacha nyumbani kwenye sefu ndogo ya namba za kubonyeza, iliyofungwa kwa bolti, namba asizijue mtoto. Texas ni kosa kumwachia aliye chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia bastola yenye risasi, na akifyatua akaumiza mtu vibaya, kosa linapanda daraja.

Leseni ya kubeba si lazima tangu Septemba 2021 kwa mwenye miaka 21, lakini darasa lake lichukue. Ni saa chache, ada ya jimbo dola 40, na mtihani wa risasi 50 kwa yadi 3, 7 na 15, unahitaji alama 175 kati ya 250. Kwa ile sahani ya chai utapita.

Ukitaka nikusimamie, niandikie kwa ujumbe wa faragha, njoo na mume wako. Vaa viatu vya kufunika na blauzi iliyofunga shingoni, maganda yanaruka ya moto na yanajua pa kuingilia. Vikinga masikio leta vya aina mbili, vya ndani na vya juu, renji ya ndani ya nyumba ina kelele za kuumiza. Ukimaliza osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa chakula, na nguo zile usimkumbatie nazo mtoto, ni madini ya risasi kweli ile (lead, yana sumu), yanabaki kwenye vumbi. Kama una mimba au unanyonyesha, tusubiri kwanza.

BintiPangani

Sina mimba Mzee 😄 Nimekuandikia. Jumamosi saa nne inakufaa?